Pazia Haliolewi

Pazia haliolewi. Methali hii hutumiwa sana katika kijiji cha Kidutani, upande wa bara wa Pangani, na wengi waitumiao hawajui ilikotoka. Ijumaa moja ilitamkwa na bibi mmoja wa kijiji hicho, mwanawe Hamadi alipotoka chumbani mwa binti yake, Kibibi, aliyekuwa ameposwa.

"Mama, nimemwuliza Kibibi juu ya ile posa," alisema Hamadi. "Amenyamaza. Basi wageni wakirudi baada ya alasiri nitawaambia ameridhia."

Bibi alikuwa akisuka ukili wa mkeka na hakuinua macho. "Pazia haliolewi, Hamadi," alijibu.

Hamadi alikuna kichwa, akachukua jembe lake, akaenda nyuma ya nyumba kupalilia mihogo. Wajukuu wawili waliokuwa wakimchambulia bibi yao miyaa walicheka, kisha wakauliza maana ya neno hilo, maana hawajapata kuona pazia likiposwa. Kibibi naye alitoka chumbani polepole, akaketi nyuma ya wenzake. Bibi aliweka ukili chini. Alisema kwamba neno hilo halikutungwa na mshairi wala halikuletwa na wageni. Lilimtoka mwanamke mmoja siku ya arusi yake, na tukio lenyewe lilikuwa hivi.

Kabla malori hayajaanza kufika Kidutani, aliishi hapo mwanamke aitwaye Mwanamvua binti Kombo. Mumewe alikufa kwa homa ya siku nne, akamwachia mtoto mmoja wa kike wa miaka sita. Mwanamvua alikaa eda yake miezi minne na siku kumi kama ilivyoamriwa, hakujipamba wala hakujitia manukato, na eda ilipokwisha alirudi nyumbani kwa kaka yake, Mbaruku. Baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Mbaruku ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye haki ya kumwoza.

Mbaruku alikuwa mtu mwema. Alimjengea dada yake chumba upande wa ua, akamwezekea makuti mapya, na samaki wakiletwa nyumbani, fungu la mjane lilitengwa kwanza. Wema huo ulikuwa mzigo kwa namna yake. Kumkatalia mtu mbaya ni jambo jepesi, lakini mtu aliyekuezekea paa, utaanzia wapi kumwambia hapana?

Mwaka wa pili alikuja mposaji kutoka Handeni, mfugaji wa ng'ombe aitwaye Mnyamisi, mgane wa makamo. Mbaruku aliulizia habari zake kwa watu watatu mbalimbali, na wote walimpa sifa moja: anaswali, hapigi, hagombani na jirani. Hakuwa na kasoro yoyote, na Mwanamvua mwenyewe alilijua hilo. Shida ilikuwa mtoto. Wakwe zake walikuwa wameshasema kwamba mama akiolewa na mtu asiye jamaa yao, akaenda mbali, mtoto atabaki kwa bibi yake mzaa baba. Handeni ilikuwa mwendo wa siku tatu kwa miguu. Kuolewa huko kulikuwa ni kumwacha mtoto.

Asubuhi moja, uji ukiwa motoni, Mwanamvua alijikaza.

"Kaka, ile habari ya Handeni..."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Nimeulizia, ni mtu mwema kweli."

"Sina shaka naye. Ila mtoto..."

"Mtoto ana bibi yake," alisema Mbaruku kwa upole. "Nawe ungali kijana. Mwanamke hakai bila stara." Akachukua jembe lake, akaenda shamba.

Mara ya pili na ya tatu ilikuwa vivyo hivyo: neno lilianza, jembe likaondoka. Mwanamvua alikwenda kwa shangazi yake, Bi Mafunda, mwanamke mnene mwenye huruma na asiyejua kunong'ona.

"Utalia siku saba, mwanangu, ya nane utacheka," alisema Bi Mafunda. "Mimi nililia kumi, na aliyenioa alikuwa hapa hapa mtaa wa pili!"

Mwanamvua hakuwa mwoga. Alikuwa na haya, na watu wengi hawatofautishi mambo hayo mawili. Tangu utotoni alifundishwa kwamba haya ni pambo la mwanamke Mwislamu na ni sehemu ya imani yake. Hakupenda kupandisha sauti hata akimwita mbuzi. Kusimama na kubishana na walii wake, watu wakisikia, ni jambo ambalo hakuliona hata ndotoni.

Ikawa Jumatatu moja, katika darsa ya wanawake, mke wa Mwalimu Hatibu, mfungishaji ndoa wa kijiji, alisomesha mlango wa ndoa. Alieleza kwamba mwari anapoombwa idhini, kunyamaza kwake kunatosha, kwa sababu ya haya. Mjane sivyo. Mjane ameshaijua ndoa, naye ana haki zaidi juu ya nafsi yake kuliko walii wake. Haozwi mpaka atamke kwa ulimi wake mwenyewe. Mwanamvua aliyasikia maneno hayo akiwa amekaa karibu na mlango, na njiani kurudi aliyarudia kimoyomoyo kama mtu anayebeba maji kiganjani. Alipofika nyumbani alikuwa amekata shauri. Hatabishana wala hatamwaibisha mtu. Mashahidi watakuja kumwuliza, naye atanyamaza. Mjane asiponena, ndoa haifungwi. Sheria itamsemea.

Alisahau jambo moja, kwamba waliosikia darsa ile walikuwa wanawake, na mashahidi ni wanaume; hata Bi Mafunda hakuwapo.

Siku ya arusi ilifika. Ndoa ilikuwa ifungwe barazani kwa Mbaruku baada ya adhuhuri, na Mwanamvua alikaa katika chumba kinachopakana na baraza, Bi Mafunda pembeni yake. Mlangoni lilitundikwa pazia jekundu la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Pazia hilo lilikuwa lake mwenyewe. Alilishona alipokuwa mwari, na siku aliyoozwa mara ya kwanza alikaa nyuma yake vile vile, akaulizwa, akanyamaza, na kimya chake siku ile kilikuwa kimejaa furaha.

Kidutani walikuwa na desturi yao. Mashahidi wawili husimama nje ya pazia na kumwuliza bi arusi mara tatu. Akinyamaza, mwanamke aliyekaa naye hulivuta pazia kidogo, nalo likitikisika, mashahidi hujua kwamba swali limefika na idhini imetoka. Bi Mafunda ndiye aliyekuwa akivuta mapazia ya kijiji kizima.

Mzee Kingazi na mwenzake walikuja, wakakohoa kwa adabu.

"Mwanamvua binti Kombo," alisema Mzee Kingazi, "kaka yako Mbaruku anataka kukuoza kwa Mnyamisi bin Rajabu, kwa mahari mliyopatana. Je, umeridhia?"

Mwanamvua alinyamaza. Waliuliza mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu aliuma mdomo na kufumba macho, akingoja kusikia nyayo zao zikirudi na jibu la kwamba mjane hakunena. Badala yake alisikia pete za pazia zikilia juu ya fimbo. Alipofumbua macho, mkono wa shangazi yake ulikuwa unaliachia pindo.

"Ameridhia!" alisema Mzee Kingazi, na vigelegele vikapasuka uani.

"Shangazi, umefanya nini?" alinong'ona Mwanamvua.

"Nimekusaidia, mwanangu. Nimeona haya imekushika."

Barazani, Mwalimu Hatibu alianza kusoma hutuba ya ndoa. Mkono wa Mbaruku ulikuwa umeshikana na mkono wa Mnyamisi, vidole gumba vimegusana, leso nyeupe imewafunika. Baada ya hutuba walii angetamka, mume angepokea, na mambo yangekuwa yamekwisha. Mwanamvua alifungua kinywa, sauti isitoke. Haya ilimziba kama kiganja cha mtu mwingine.

Hapo mtoto wake aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa amevaa gauni jipya, na mkononi alibeba kifurushi cha nguo zake, kimefungwa mafundo mawili.

"Mama," aliuliza, "niende kwa bibi sasa hivi au tule kwanza?"

Mwanamvua alikitazama kile kifurushi. Aliteremsha ushungi wake mpaka kidevuni, akasimama nyuma ya pazia.

"Mwalimu!"

Hutuba ilikatika. Hata kuku uani walinyamaza.

"Nani huyo?" aliuliza Mwalimu Hatibu.

"Ni mimi, Mwanamvua binti Kombo. Ninayeozwa."

"Wewe umeshaulizwa, binti yangu. Mara tatu."

"Nimeulizwa na nimenyamaza, Mwalimu. Mimi ni mjane. Jumatatu nilisomeshwa nyumbani kwako kwamba mjane hutamka, nami sikutamka kitu. Aliyejibu ni pazia, na pazia haliolewi."

Minong'ono ilizuka barazani. Mwalimu aliinua mkono, akawageukia mashahidi.

"Mzee Kingazi, ulisikia nini?"

"Kusikia, sikusikia," alijibu Mzee Kingazi. "Niliona. Pazia lilitikisika, kama siku zote."

"Basi ushahidi wako ni wa pazia."

"Nililivuta mimi!" Bi Mafunda alipaza sauti kutoka ndani. "Miaka ishirini nawavutia mimi! Leo ndiyo mnaniuliza?"

Watu walicheka, kisha wakaona uso wa Mbaruku, wakaacha.

"Mwanamvua," alisema Mbaruku, "mbele ya wageni?"

"Nisamehe, kaka. Mara tatu nilianza kukuambia peke yako. Mara tatu uliondoka na jembe."

Mbaruku aliinamia leso. Mwalimu Hatibu alifunga kitabu chake, na hakumlaumu mtu kabla ya kujilaumu mwenyewe. Alisema kosa la kwanza ni lake, kwa kuwa aliwatuma mashahidi kumwuliza mjane kama anavyoulizwa mwari, kwa mazoea tu, naye akiijua tofauti. Akaongeza kwamba haya ni sehemu ya imani, lakini haikuwekwa imzuie mwanamke kusema kweli juu ya nafsi yake. Mwenye haya kuliko wote ni yule anayemwonea haya Mola wake, na ndoa isiyo na ridhaa ni jambo la kumwonea haya Mola. Kisha akaamuru pazia lifungwe upande. Mwanamvua alisimama kizingitini amejistiri vizuri, akitazama chini.

"Umeridhia?" aliuliza Mwalimu.

"Sikuridhia."

"Hulazimiki kueleza zaidi."

"Nitaeleza, kwa heshima ya mgeni. Bwana Mnyamisi hana kasoro. Ila nina mtoto, na kifurushi chake kimeshafungwa. Mimi sitakwenda mahali ambako yeye haendi."

Macho yote yalimgeukia mtu wa Handeni. Mnyamisi aliuondoa mkono wake taratibu chini ya leso, akaikunja leso yenyewe mara nne, akamrudishia Mwalimu.

"Nilikuja kuoa mke," alisema. "Mapazia ninayo mawili nyumbani, yanatosha." Baraza lilipasuka kwa kicheko, na safari hii hata Mbaruku alishindwa kujizuia. "Mama asiyemwacha mwanawe hajanitukana kwa kunikataa. Ila Mwalimu, niliona ule pilau ukipakuliwa. Nao umekataa?"

"Pilau haujakataa," alijibu Mwalimu Hatibu.

Basi walikula, wakamwombea Mnyamisi mke mwema, naye akalala Kidutani siku moja na kurudi kwao kwa heshima.

Mbaruku hakusema na dada yake siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, alikuja jikoni mikono mitupu, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Siku ile uji ukiwa motoni," alisema, "ulitaka kuniambia nini?"

Mwanamvua alimwambia yote. Uji uliungua, na hakuna aliyeinuka.

Tangu hapo Kidutani hakuna aliyevuta pazia tena. Mjane huulizwa na husikika. Na mwari, ingawa kimya chake kinakubaliwa, hukaliwa karibu na mwanamke amtazamaye usoni, maana kuna kimya cha haya na kuna kimya cha majonzi, na pazia haliwezi kuvitenga. Miaka mitatu baadaye Mwanamvua aliposwa na seremala wa hapo hapo kijijini, aliyekubali kukaa na mtoto, na wakwe wa zamani hawakuwa na neno kwa sababu nyumba yake ilionekana kutoka kwao. Alipoulizwa, alisema "Nimeridhia" kwa sauti iliyofika msikitini. Mzee Kingazi, shahidi tena, alisema kwamba mara hii amesikia vizuri.

Bibi aliuchukua tena ukili wake.

"Na yule mtoto, bibi?" aliuliza mjukuu mdogo.

"Mtoto alikula pilau," alisema bibi. "Kifurushi kilifunguliwa jioni ile ile. Gauni alilivaa mpaka likambana. Kisha akakua, akaolewa, akamzaa Hamadi, ambaye nilimsimulia habari hii mara nyingi kuliko ninavyowasimulia ninyi, naye ameisahau."

Wajukuu walitazamana. Nyuma yao Kibibi aliinuka, akajitanda mtandio wake sawasawa.

"Bibi," alisema, "mwite baba. Nitajibu mwenyewe."

Bibi hakumwuliza jibu lenyewe ni lipi. Aligeuza uso upande wa mihogo, akaita kwa nguvu zote za umri wake:

"Hamadi! Njoo umsikilize mwanao, na hilo jembe uliache huko huko. Pazia haliolewi!"