Mbeleko ya Mama Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mama!

Mama gani?

Mama wa miiba, wanangu. Sogeeni, mwenye usingizi alale mapajani.

Hapo zamani za kale, kijito kilikauka. Wanyama wakaamua kuhamia mtoni, mwendo wa siku tatu. Mama Nungunungu akaingiwa na huzuni. Mwanawe, Kidoti, alikuwa na kidonda mguuni, na mgongo wa mama ni miiba mitupu. Atambebaje?

Akawaita majirani wote. "Ndugu zangu, nibunieni mbeleko. Atakayepatia, nitampa kibuyu changu cha asali."

Tembo akaleta gome la mti, pana kama mlango. Mama akajitwika mgongoni, akaanguka kifudifudi. "Ahsante, kaka Tembo," akasema, akijipangusa vumbi.

Twiga akaleta kamba ya kuvaa shingoni, ndefu kama shingo yake. Kidoti akaburutwa chini. "Mama, nakula mchanga!"

Fisi akaleta kingozi kidogo kama ulimi.

"Na ngozi nyingine iko wapi, shemeji?"

"Njia ilikuwa ndefu," akajibu Fisi, akijilamba.

Wakacheka wote, ila Mama Nungunungu. Safari ni kesho.

Akaja Fuko, asiyeona. Hakuleta kitu. "Dada, niruhusu nikupapase." Akagusa mgongo. "Aii!" Akagusa tumbo. "Mbona huku ni laini kama pamba? Mnahangaikia mgongo wa nini?"

Wanyama wakatazamana. Tangu lini mtoto akabebwa mbele?

Fuko akamwomba Tembo alikate gome, aliponde hadi lilainike. Kamba ya Twiga wakaifupisha, wakaifunga kwenye gome, wakampitishia mama shingoni. Na kile kingozi cha Fisi wakakitandika chini ya mguu wenye kidonda.

Kidoti akalala kifuani, akisikia moyo wa mama yake: du, du, du.

Mama akampa Fuko asali. Fuko akakataa kula peke yake. "Gome si langu, kamba si yangu." Basi kibuyu kikazunguka. Fisi alipotaka kulamba mara ya pili, Tembo akamzuia kwa mkonga. "Wewe ulishakula njiani!"

Asubuhi wakaondoka, na siku ya tatu Kidoti akanywa maji ya mto.

Wanangu, ukitaka kumsaidia mtu, kusanya mawazo ya wengi, usidharau hata la Fisi. Lakini kwanza mpapase mwenye shida, ujue wapi pana miiba na wapi ni laini.

Hadithi imefika mtoni. Nawe uliyelala mapajani, shuka, mama anyooshe miguu.