Nafasi Moja Garini kwa Jaji Kalunde

Kuku alikuwa bado na manyoya ya mkia, wanawake watatu wamelizunguka beseni la maji ya moto, simu ilipolia. Mwenye mikono mikavu alikuwa Mwajabu. Akaipokea na kuiweka sauti kubwa ili mwenye nyumba, Jaji Kalunde, asikie kutoka kwenye kiti chake cha barazani.

Alikuwa Shija, mtoto pekee wa Jaji.

"Shikamoo, mama. Serikali wanataka nyumba yao kesho saa sita mchana. Nakutumia gari saa nne. Uje na mtu mmoja."

"Tuko wanne hapa," Jaji akasema.

"Idadi yenu naijua. Mke wangu amekubali wewe na mtu mmoja. Mimi sikufungua kituo cha wazee."

Simu ikakatika. Nyamizi akaendelea kunyonyoa, kwa sababu kuku hanyonyoki kwa mshangao.

Jaji alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Alikaa kwenye kiti cha hukumu miaka thelathini na mmoja, kumi ya mwisho katika Mahakama ya Rufani, na hakujenga. Mtu anayerudisha bahasha hajengi, na mshahara wake ulimsomesha Shija ng'ambo. Kilichobaki ni nyumba ya serikali na hawa watatu waliomfikisha alikofika. Nyamizi, dada yake, kipawa chake kilikuwa kuvumilia. Prisca, mpiga chapa wa mahakama, hakusahau neno aliloliona. Mwajabu, mlezi, hakuna mtoto aliyewahi kulia mgongoni kwake zaidi ya hatua kumi.

Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza.

Kalunde alipofaulu kwenda sekondari, baba yao alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari yake kutoka kwa mwanamume mwenye umri wa babu. "Ng'ombe wakiingia zizini hawatoki," baba akasema. Nyamizi alikuwa na mchumba, fundi seremala, kijana mzuri. Akafunga khanga kiunoni akasema, "Wamekuja kumchukua msichana wa nyumba hii. Mimi si msichana?" Akaenda yeye. Mwenye ng'ombe alipomfunua bibi harusi uso na kukuta siye, alimvunja mkono wiki ileile, na hakumruhusu kwenda kuungwa. Ukajiunga wenyewe, umepinda kama mpini wa mwavuli. Alikaa huko miaka ishirini na miwili. Mume alipokufa, shemeji zake wakamtoa na sufuria moja.

Kalunde akasoma, akawa hakimu wa wilaya. Ikaja kesi ya tajiri aliyechoma nyumba yenye watu ndani. Siku moja kabla ya hukumu, jalada likapotea masijala mchana kweupe. Prisca ndiye aliyekuwa amelichapa. Akavuta kiti, akachapa upya kurasa arobaini na sita kutoka kichwani mwake, na mashahidi walipoitwa kuzisoma hawakupata neno la kubadilisha. Tajiri akafungwa, Kalunde akapandishwa kuwa jaji. Watu wa tajiri wakamngoja Prisca sokoni, wakauweka mkono wake wa kulia kwenye gogo la bucha, wakakata vidole vyote vitano. Mahakama ikampa barua ya shukrani na barua ya kumwachisha kazi, katika bahasha moja.

Shija alipozaliwa, Mwajabu alikuja kumlea, na mtoto wake wa kike mgongoni, na Shija akawekwa kifuani, wote wananyonya. Jaji alikuwa mkoani kwenye kikao cha kesi za mauaji, kile kilichomjengea jina nchi nzima, homa ilipowashika watoto wote wawili asubuhi moja. Mvua ilikuwa imelibeba daraja. Kwenda hospitali, mto ulivukwa kwa miguu, maji kifuani, mtoto juu ya kichwa. Kichwa ni kimoja. Mwajabu akamwacha wake kwa jirani, kwa sababu Shija alikuwa amana. Aliporudi kutoka hospitali, wake alikuwa ameshafunikwa khanga. Jaji alirudi siku ya nne. Akasema pole, akala, Jumatatu akarudi kikaoni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa barazani siku ile kuku aliponyonyolewa.

"Kaeni," Jaji akasema. "Kila mmoja aeleze kwa nini nafasi iwe yake. Kisha aeleze kwa nini isiwe ya wenzake."

"Kalunde, unatusikiliza kama wezi?" Nyamizi akauliza.

"Nawasikiliza kama watu. Anza, dada."

"Mimi ni damu yako. Hawa wengine walikuwa kazini, walilipwa."

Prisca akacheka. "Damu! Wewe uliolewa, bibi. Wanawake wote huolewa, na wengi hupigwa. Nionyeshe mwingine aliyepeleka mkono buchani kwa ajili ya Mheshimiwa."

"Hukuupeleka. Ulikamatwa," Mwajabu akasema. "Mimi hakuna aliyenikamata. Nilisimama pale mtoni nikachagua, akili zangu zote ninazo."

"Basi ulichagua mwenyewe," Prisca akamjibu. "Unamdai nani?"

Mwajabu hakumtazama. Alimtazama Jaji. "Mama Shija, niliyemvusha ndiye anayesema mtu mmoja. Kama wa kuachwa ni mimi, ungeniambia siku ile."

Kuku alikuwa ameshabadilika rangi kwenye beseni.

Mtasema walale mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kitanda kimoja. Kitanda kipo, ruhusa ndiyo haipo. Mtasema Jaji akatae kwenda. Mguu wake mmoja umeshakufa ganzi, na kesho saa sita askari wanakuja na makufuli. Mtasema wawili watapata pa kwenda. Nyamizi, shemeji zake wamejenga juu ya kiwanja alichoachiwa na mumewe. Prisca hana mtu. Ndugu wa Mwajabu walishamwambia kwamba mwanamke aliyemwacha mwanawe afe hawamhitaji.

"Hukumu kesho saa nne," Jaji akasema, kama alivyozoea kuwaambia watu wenye pingu.

Basi wakapika, kwa kuwa wasiopika wangelala njaa. Nyamizi alikoroga kwa mkono uliopinda, Prisca akamenya vitunguu kwa mkono wa kushoto, Mwajabu akapakua. Jaji akapewa paja, kama siku zote. Sahani nne zikawekwa mkekani. Kabla ya kula, Jaji akaita majina.

"Nyamizi."

"Nipo."

"Prisca."

"Nipo, Mheshimiwa."

"Mwajabu."

"Nipo."

Wote walikuwepo. Wakanawa, wakala. Na mlangoni palikuwa na vifurushi vitatu, maana kila mmoja, kwa siri yake, alikuwa ameshafunga cha kwake.

Nyie mliokaa hapa mnasubiri chakula, asiseme mtu "wote", gari lina nafasi moja. Dada aliyetoa ujana wake, mpiga chapa aliyetoa mkono, mlezi aliyetoa mtoto: wewe ungempakia yupi? Na ukishajibu, niambie ungewaambia nini wawili wanaobaki, ukiwatazama usoni.