Kisima, Ngao na Ng'ombe Mmoja

Hapo zamani, zamani ambayo hata mimi sikuikuta, palikuwa na mji wenye wazimu wa karata za uchawi. Karata hii joka, ile ngao, ile radi. Kila mchezaji alianza na roho tatu, kila pigo huondoa moja, zikiisha, ametoka; na kila zamu huvuta karata moja, hucheza moja. Na kila mwaka mshindi alipewa ng'ombe wa maziwa.

Mwaka huo hakuna aliyemtaka ng'ombe kama Mwatime. Ng'ombe wake alikuwa amekufa, na mtoto wake alikuwa akinywa uji mtupu. Fungu la karata lilikuwa lao watatu: yeye, kaka yake Shee, na jirani yao Somoe.

Desturi ilikuwa karata arobaini, haizidi hata moja. Ikiingia mpya, moja hutoka, na mwenye karata iliyotolewa ndiye hukata fungu siku ya mchezo, za chini zikawa juu, kumfuta machozi.

Basi Somoe akaja na karata aliyoiokota sokoni, wenyewe wameitupa. Jina lake Kisima. Ukiicheza unavuta karata tatu, lakini zamu yako imekwisha. Shee akacheka: haipigi, haikingi, ya nini? Somoe akakaa nayo mwezi mzima, anacheza peke yake, anahesabu. Akasema inafaa, unakula pigo moja, unapata njia tatu. Walibishana, acha tu. Mwishowe Shee akatoa joka lake alilolipenda tangu utotoni, na siku hiyo hakugusa chakula.

Kisima kikawavusha mchezo baada ya mchezo, hadi fainali. Hapo Mwatime, aliyekuwa akiwachezea wenzake, alibakiwa na roho mbili, mpinzani moja. Mkononi ana Ngao na Kisima tu. Akamwaza mwanawe, akaweka Kisima. Akavuta tatu, na ya kwanza ilikuwa Radi. Akapigwa, akabaki na roho moja. Zamu yake ilipofika akaipiga Radi, mchezo ukaisha.

Mwamuzi hakumung'unya maneno. "Radi ilikuwa juu kabisa. Ungeweka Ngao, ungeivuta zamu iliyofuata, tena bila kupigwa."

Ndipo Shee akasema, "Mkono ulioiweka Radi juu ni wangu. Mimi nilikata fungu, na joka lililotoka ni langu."

Somoe akasema, "Karata haipimwi kwa siku moja. Bila Kisima, fainali tungeisikia kwa watu."

Mwatime akasema, "Mmoja alihesabu nyumbani, mmoja alikata akaenda kuketi. Aliyekula pigo ni mimi, na sikujua kilichokuwa juu."

Kamba ya ng'ombe alikuwa ameshaishika. Lakini maneno ya wenzake aliyaona ya kweli, na yalimuuma, na vidole vyake vikalegea.

Na msiniambie wagawane maziwa. Mji ule ulikataza, ng'ombe ni wa nyumba moja, ndiyo maana watu wake walikuwa bado wanasalimiana. Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu: je, kamba ile ilistahili kushikwa na nani?