Kwa Nini Tunasugua Viganja Kabla ya Kazi Nzito

Zamani, nanyi mnaonisikiliza kaeni vizuri msije mkateleza, dunia nzima ilikuwa laini. Mlima ulikuwa laini, njia laini, hata viganja na nyayo za watu hazikuwa na mistari. Fundo halikufungika. Mtu alilala kwake akaamka uani kwa jirani, na majirani walikuwa wamekwisha kuzoea kupeana uji wa asubuhi bila kuulizana umefuata nini.

Juu ya mlima mmoja aliishi mjane aitwaye Namsifu na binti yake, Nakiete. Binti alikuwa amechumbiwa na Kiangi, kijana wa bondeni. Desturi ya pale ilitaka upande wa bwana harusi uvute gogo la kuchongea ngoma kutoka bondeni mpaka uani kwa mama mkwe. Gogo lisipofika hakuna ngoma, na pasipo ngoma hakuna harusi. Kiangi na ndugu zake walikuwa wamejaribu misimu mitatu. Kila wakifika katikati miguu iliwatoka, gogo likawapita, nao wakalifuata kwa makalio hadi chini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, ila Namsifu hakucheka. Alimwona mwanawe akisimama uani akitazama bondeni, na moyo ulimuuma.

Basi akaenda kwa Kikwaru. Huyu alikuwa mzee aliyeishi peke yake pangoni, ngozi yake ngumu kama jiwe la kusagia, na kila alichokigusa kilikwaruza. Hakuna aliyewahi kumwalika popote. Namsifu hakuzungusha maneno, alimwalika harusini. Mzee akauliza kama anaitwa yeye au inaitwa mikono yake.

"Vyote viwili, babu," Namsifu akasema. "Ila utakula wa kwanza."

Kikwaru alifurahi hata akasahau fimbo yake. Akashuka mlima akipapasa kila kitu: mawe, udongo, kamba, hata viganja na nyayo za watu, vikabaki na mistari. Fundo likafungika. Miguu ikashika. Watu wazima walipanda mlima, wakashuka, wakapanda tena kwa raha tu ya kutoanguka.

Kisha wakashika kamba. Gogo halikutikisika. Akavuta huyu, akavuta yule, mishipa ikawatoka shingoni, wapi! Ndugu zake Kiangi wakaanza kunung'unika kwamba mama mkwe amewaletea balaa, heri utelezi wao wa zamani. Namsifu akaona harusi inamponyoka tena, safari hii kwa kosa lake mwenyewe. Akamwuliza mzee wamemkosea nini.

"Hawajanisalimu," akasema Kikwaru. "Kitu kikitulia, nakishika kwa nguvu zangu zote. Nisalimieni, mvute kwa pamoja. Kikishaanza kwenda nitalegeza kidogo. Mkikitandikia miti ya mviringo nitalegeza zaidi. Na majini mkienda taratibu hamtanisikia, ila mkikimbia nitawavuta nguo."

Wakauliza salamu yenyewe ni ipi. Akawaonyesha, kiganja juu ya kiganja, akisugua. Wakasugua wote, Namsifu naye akasugua, wakaanza wimbo na kuvuta kwa pumzi moja. Gogo likaguna, likatoka. Vijana wakakata miti ya mviringo, wakaitandika mbele yake, na gogo likapanda mlima kama lililosikia harufu ya chakula. Nakiete alilipokea kwa vigelegele vyake mwenyewe, hakungoja kupigiwa. Kikwaru alikula makande mabakuli matatu, wa kwanza kabla ya wote, kisha ngoma ilipokwisha kuchongwa akaicheza mpaka uwanja ukachimbika.

Na tangu siku hiyo, wanaovuta mzigo mzito huanza kwa wimbo mmoja, na mtu akiikabili kazi ngumu husugua viganja kwanza. Hebu sugueni vyenu sasa. Mnasikia joto? Basi, mzee ameitikia.