Kisandu wa Ngassa na Msimu wa Kimya

Kaeni. Walio nyuma wasogee, sauti yangu si ile ya zamani na leo sirudii neno. Kila mwaka kabla ya mchezo mnaniita niseme yale yale, nami nasema, kwa sababu nikikataa atakuja mwingine atie chumvi.

Katika enzi za mkonge, bonde hili lilipokuwa mali ya nyuki na nguruwe mwitu, na wazee wetu wakiishi upande wa pili wa reli katika kambi za manamba, alikuwapo Kisandu mwana wa Ngassa mwana wa Shilinde. Ngassa yule aliyekuja kwa miguu kutoka Usukuma na chungu kimoja kichwani, akafia shambani panga likiwa mkononi. Kisandu alizaliwa kambini, wala hakuwa na kwao pengine. Waliomwogopa walimwita Radi ya Kambini, na waliompenda walimwita Mkono Usiochoka. Jina hili la pili lilikuwa uongo. Mkono ule ulichoka, jamani, na mwenyewe alichoka kuliko mkono.

Mwenye shamba wa siku hizo alipenda besiboli kuliko alivyopenda watu. Alichagua vijana miongoni mwa wakata mkonge, Kisandu akiwa mrushaji wao, akawalipa mshahara kwa kurusha, kudaka na kupiga tu, wakashindana na vikosi vya mashamba mengine mpaka bandarini. Ninyi mchezo mnaujua, lakini naona wageni, basi niseme: mrushaji husimama juu ya kichuguu, mpigaji humsubiri na gongo, na mpigaji akiupeleka mpira mahali pasipo mtu hukimbilia kituo cha kwanza; akiukosa mara tatu, au mpira wake ukidakwa kabla haujagusa chini, huondolewa. Ili mchezo uishe bila mtu kukifikia kituo hicho, wapigaji ishirini na saba waondolewe wote, mmoja baada ya mwingine, pasipo kosa. Wapo watu waliozeeka viwanjani, wakazikwa, hawajaliona jambo hilo hata mara moja.

Bei ya mkonge ilipoanguka, mwenye shamba akatangaza kwamba baada ya masika kambi zitavunjwa na kila mtu arudi kwao. Kwao wapi? Nusu yao walizaliwa pale pale kama Kisandu. Wazee wakaenda kumwomba bonde hili walime, naye akacheka, akatamka mbele ya kikosi chake na mbele ya watu wote: “Bonde nitawapa, iwapo Kisandu atarusha msimu mzima, na asiwepo mpigaji hata mmoja atakayefika kituo cha kwanza.” Alisema hivyo kama mtu anavyomwahidi mtoto kumnunulia mwezi. Wazee walirudi wameinamisha vichwa, lakini Kisandu alisema, “Nitarusha,” akaenda kulala mapema.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye aibu yetu. Mchezo ule una mwiko: mrushaji ambaye hajaguswa, yaani hakuna mpigaji aliyefika kituo mbele yake, hasemeshwi, maana neno moja laweza kumwondolea bahati. Kwa wenzetu mwiko huisha mchezo unapoisha. Watu hupigana mabegani wakaenda kunywa. Wetu, kwa kuogopa kupoteza bonde, waliamua kwamba msimu wote ni mchezo mmoja. Basi tangu Kisandu alipowaondoa wapigaji wa kwanza, kambi nzima ikamfungia mdomo. Alipopita kisimani, wanawake waliinama wakatazama ndoo zao. Mdakaji wake, aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, alihamia mkeka mwingine. Hata mkewe, Nyamizi, alimwekea ugali na mlenda mbele yake, akatoka nje kulia, na hakuna aliyemwambia Nyamizi pole.

Akashinda, wapenzi wangu. Akashinda hapa, akashinda kwa watani wetu wa ng'ambo ya mto, akashinda bandarini mbele ya watu waliokuja kumzomea wakaishia kusimama. Yeye Radi ya Kambini, yeye mwana wa Ngassa, aliwalaza wapigaji kama majani chini ya fyekeo, na kila jioni akarudi kwenye nyumba isiyomuuliza habari za kutwa. Alikonda. Alianza kuongea na panga la baba yake.

Katikati ya msimu Nyamizi akajifungua mtoto wa kike. Kisandu aliwekewa mtoto mapajani, akamtazama, akangoja aambiwe jina. Hakuambiwa. Wanawake walimwita mtoto kwa kunong'ona nyuma ya nyumba, naye akawa anatega sikio ukutani, mtu mzima yule, asipate kitu. Mnaponiuliza kwa nini nachoka kusimulia, nachokea hapo.

Siku ya mwisho ikafika, na mvua ilikuwa imeshatanda. Bega lilikuwa limevimba hata hakuweza kuvaa shati mwenyewe, na bado alirusha. Mpigaji wa mwisho aliuinua mpira juu sana, Kisandu akausubiri chini yake, akaudaka kwa mikono yake. Watu waliruka, wakakumbatiana, wakalia. Yeye hakuna aliyemgusa. Mwenye shamba alikuwa amekaa tu kitini anavuta kiko, hajatamka, na kila mmoja aliogopa kuwa ndiye atakayeliharibu jambo likiwa mlangoni.

Kisandu akawageukia watu, akasema: “Mtoto wangu anaitwa nani?”

Nyamizi alifungua mdomo, na mama yake mwenyewe akamziba kwa kiganja. Kisandu aliliona hilo. Akaweka mpira chini, akashika njia ya reli, akaenda zake kwenye mvua bila kukimbia. Mwenye shamba aliposimama na kusema, “Bonde ni lenu,” watu wote wakakimbilia relini wakiita, “Kabula, anaitwa Kabula,” mpaka sauti zikawakauka. Walifika stesheni ya mbele, na ile ya mbele yake. Hakuonekana, wala kaburi lake halijulikani hata leo.

Kabula huyo ndiye aliyemzaa mama yangu. Ndiyo maana bonde linaitwa Kwa Kabula, na ndiyo maana hapa mtoto akizaliwa, baba yake hupelekwa relini akatajiwa jina kwa sauti ya kusikika mbali. Na ndiyo maana mrushaji wetu, kila anapoinua mkono, tunamsalimu, tunamuuliza habari za nyumbani, naye anaitikia. Vikosi vingine hutucheka, waamuzi hutukaripia, na tangu Kisandu hakuna mrushaji wa Kwa Kabula aliyemaliza mchezo bila kuguswa. Sisi hufungwa karibu kila mwaka. Mimi mwenyewe nimezeeka nikiangalia tunafungwa.

Basi, nimemaliza. Mrushaji wenu anapanda kichuguuni, na naona mmekaa kimya mnamtazama. Msalimieni.