Nani Ampe Jina Mtoto wa Zamda?

Jumatatu, tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, binti yangu Mwasiti, mwenye miaka sita, alifariki kwa selimundu, ugonjwa wa damu. Arobaini haijafika, ndugu zangu wakaniambia nimrudishe mke wangu Zamda kwao Ujiji, na mimba yake. Walisema damu yake ndiyo iliyomuua mtoto. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Watu watatu walimzuia asiondoke. Mama yangu hasahau kitu. Sauda wa maabara huona kilicho kidogo kabisa. Mwalimu Kabwe humweleza mtu yeyote akaelewa.

Mama alisema, "Kabla yenu nilimzika kaka yenu Rajabu. Alilia miguu kama Mwasiti. Tukasema ni jini. Zamda alikuwa hajazaliwa." Bila maneno hayo nisingekwenda kupima.

Sauda alitupima damu sote wawili. "Baba Mwasiti," akaniambia alipoleta majibu nyumbani, "wewe na mkeo mmebeba selimundu."

Kaka yangu Idi akacheka. "Huyu mdogo wangu anayebeba madumu mawili ya mawese kama hana mzigo? Mashine yako imechoka, dada."

Mfuko wa nguo za Zamda ulikuwa umeshawekwa barazani. Mwalimu Kabwe akaomba vikombe viwili, cha baba na cha mama, akatia katika kila kimoja harage moja jekundu na moja jeupe.

"Jeupe ni jeni ya selimundu, jekundu ni jeni nzima. Mwenye moja tu haumwi, ila anaweza kumrithisha mwanawe. Mtoto huchukua moja kwa baba, moja kwa mama. Idi, fumba macho uchukue."

Idi akapata jekundu na jeupe.

"Huyo mzima. Rudisha. Kila mimba huanza upya."

Mara ya tatu akapata meupe mawili. "Huyo ndiye mgonjwa, kama Mwasiti," akasema Mwalimu. Idi akauchukua mfuko wa Zamda, akaurudisha ndani.

Mtoto amezaliwa, wa kike. Nilikuwa nimeahidi kwamba aliyembakiza Zamda nyumbani ndiye atakayempa jina. Kesho ni siku ya saba.

"Bila mimi usingepima," anasema Mama.

"Bila vipimo, mama, yako yangebaki masimulizi," anasema Sauda.

"Na bila maharage, Idi angekuwa bado anacheka," anasema Mwalimu.

Jina ni moja, na wote wamesema kweli. Je, wewe ungemwachia nani?

Nawe Mwasiti, mwanangu, Mwenyezi Mungu akurehemu, akupumzishe mahali pasipo maumivu. Amin.