Sultani Aliyepata Kichwa cha Nyangumi

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walipimana ukubwa kwa vitu walivyoletewa kutoka ng'ambo, palikuwa na mji wa pwani uitwao Mwambijani, na mtawala wake akiitwa Sultani Shekuwe. Jirani yake wa kaskazini alikuwa na saa ya ukutani yenye kupiga kengele, na yule wa kusini alikuwa na kiti chenye kuzunguka. Shekuwe mwenyewe hakuwa na kitu cha Ulaya hata kimoja, na jambo hilo lilimkera mno. Basi siku moja ikatia nanga merikebu ya Waingereza iliyokuwa ikitafuta maji ya kunywa, na nahodha wake, kwa kuwa hakuwa na zawadi ya kumpa Sultani, akaingia chumbani mwake akachomoa kitabu kinene kilichokuwa chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe, akakipangusa vumbi, akakipeleka ikuluni kwa heshima zote.

Kilikuwa kitabu cha sheria za kale za Uingereza.

Sultani akamwita Karani Twalipo, ambaye ujanani alikuwa mpishi katika merikebu za Kizungu, na ndiye peke yake mjini aliyekijua Kiingereza. Karani akasoma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akasoma ya kwamba ni marufuku mtu kubeba ubao katika njia wapitayo watu kwa miguu. Ni marufuku kupiga zulia barabarani. Ni marufuku kuingia katika baraza la mfalme umevaa deraya ya chuma. Ni marufuku kutupa uchafu njiani. Ni marufuku kushika samaki kwa namna yenye kutia shaka. Tena, nyangumi atakayeonekana pwani ni samaki wa kifalme: kichwa ni cha mfalme, na mkia ni wa malkia, apate mifupa ya kukazia nguo yake kiunoni.

"Maulana," akanena karani akikifunika kitabu, "mimi nimekaa na Waingereza miaka tisa, na nyingi katika hizi wenyewe hawazifuati. Hata hawajui kama zipo. Wamesahau tu kuzifuta."

"Vyema," akajibu Sultani. "Basi sisi tutawashinda Waingereza kwa Uingereza."

Ikapigwa mbiu mji mzima, na tangu siku hiyo watu wakawa hawana raha. Maseremala walipitisha mbao juu ya mapaa ya nyumba, wakarushiana kutoka paa hadi paa, na bibi mmoja akapata dirisha jipya asiloliomba. Lakini balaa kubwa ilikuwa sokoni. Askari hawakujua namna yenye kutia shaka ni ipi, wala hawakuthubutu kuuliza, ikawa kila mmoja anajiamulia. Huyu aliwakamata waliomficha samaki kikapuni. Yule aliwakamata wasiomficha, akisema mtu mwema hana haja ya kujionyesha. Watu wakawa wanatembea wamemnyoosha changu mbele kwa mikono miwili huku wakitabasamu, na waliotabasamu mno wakakamatwa pia.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Bi Mize, mjane aliyekaanga samaki akauza. Kosa lake lilikuwa kumshika nguru mkiani na kumnusa.

"Nimemnusa nijue kama ameoza," akasema.

"Hata mwizi angesema hivyo," akajibu askari, akampeleka gerezani.

Basi jirani yake Bi Mize alikuwa fukara mmoja jina lake Vuai, na kazi yake ilikuwa kuwapigia matajiri mazulia yao yatoke vumbi. Watu walimwona punguani, kwa sababu alizoea kuyasemesha mazulia na kuyaomba radhi kabla ya kuyapiga. Sheria mpya ilipomnyang'anya kazi, ni Bi Mize aliyemlisha, kila adhuhuri sahani ya samaki na wali, bila kumwuliza lolote. Aliposikia kwamba mama huyo amefungwa, Vuai akavaa kanzu yake ya pekee akaenda barazani.

"Maulana," akanena, "sheria hizi zinamwumiza mtu asiye na kosa."

"Mtu gani?"

"Bi Mize, mkaanga samaki."

"Huyo ni mfungwa. Neno la mfungwa halina uzito."

"Maseremala, maulana."

"Hao wanatetea tumbo lao."

"Basi mimi mwenyewe."

"Wewe," akasema Sultani, "unazungumza na mazulia." Baraza zima likaangua kicheko. Sultani, kwa kuona amechekesha, akapata hamu ya kuendelea. "Haya, Vuai. Nakupa siku saba. Niletee mtu mmoja aliyeumizwa na sheria hizi bila kosa lolote, tena awe mtu ambaye neno lake mimi siwezi kulikataa. Ukimleta, Bi Mize atatoka. Usipomleta, utaingia huko huko alikoingia, na sheria zitabaki mpaka wajukuu wangu waote mvi."

Vuai akainama. "Nimesikia. Na sheria zenyewe, maulana, zinafuatwa zote, au kuna za kuachwa?"

"Zote, herufi kwa herufi! Hata mimi mwenyewe siruki moja. Karani, andika hayo uyatie muhuri."

Ikaandikwa, ikatiwa muhuri.

Vuai akazunguka mji siku tano. Akaenda kwa kadhi, kadhi akasema ana mafua. Akaenda kwa tajiri wa karafuu, tajiri akatuma mtu kusema hayupo, naye alikuwa akionekana dirishani. Siku ya tano akaenda gerezani, akasimama penye nondo.

"Mwanangu," Bi Mize akamwambia, "umekonda. Nani anakulisha?"

Vuai akazishika nondo kwa mikono miwili.

"Sikiliza. Usijitie matatani kwa ajili yangu. Mimi mtu mzima, nitazoea. Hapa pana kivuli."

Lakini Vuai aliona jinsi nguo zilivyomlegea mwilini mama huyo, naye ndiye aliyekuwa akiuliza nani anamlisha mwenzake. Akatoka analia njia nzima, asijali nani anamtazama.

Kulipokucha siku ya sita, upepo ukaleta mjini harufu mbaya isiyo na mfano. Watu wakaifuata hadi ufukweni, wakamkuta nyangumi mkubwa kama msikiti, amekufa siku nyingi, tumbo limevimba. Hakuna aliyethubutu hata kumnyooshea kidole, maana nani ajuaye kama kidole hakitii shaka? Vuai akapenya katikati ya watu, akatazama, akanusa, akaketi mchangani, akacheka mpaka akashika mbavu. Watu wakasema, masikini, sasa akili zimemruka kabisa.

Kisha akainuka akawaita wachinjaji na wapagazi arobaini. "Jamani, mnataka kuifuata sheria ya Sultani?"

"Tutafanyaje, nasi tunaiogopa?"

"Basi kateni kichwa, kateni na mkia. Mbao zimekatazwa, kamba hazikukatazwa. Vuteni!"

Wakavuta. Mlangoni pa ikulu askari akawazuia huku ameziba pua. "Hiki ni nini?"

"Mali ya Sultani," akajibu Vuai. "Wewe ndiye utakayemzuilia Sultani mali yake?"

Askari akapisha. Kichwa kikaingizwa barazani, kikawekwa juu ya zulia kubwa la Kiajemi mbele ya kiti cha enzi. Mkia ukapelekwa kwa malkia, Mwana Jaha, ukaegemezwa kwenye kitanda chake.

Sultani akatoka mbio, kilemba kimemfunika pua. "Ewe mwendawazimu! Umeniletea nini?"

"Kichwa, maulana. Kitabu kimesema ni chako. Na mkia ni wa malkia, kwa ajili ya kiuno."

Sultani akamtazama karani. Karani akafungua kitabu, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ndivyo ilivyo, maulana."

"Kitoeni!" Sultani akawapigia askari kelele. "Kakitupeni njiani!"

Askari hawakusogea. Mkubwa wao akapiga magoti. "Maulana, njiani hapatupwi uchafu, ni sheria. Na kitabu kinamwita nyangumi samaki. Mtu akionekana anatoka ikuluni amekumbatia kichwa cha samaki wa kifalme, atasema nini asitiliwe shaka? Mimi nina watoto sita."

Sultani angeweza kuwaamuru kwa nguvu, lakini muhuri wake ulikuwa umekauka juu ya maneno yake mwenyewe, na baraza zima lilikuwa likimtazama. Akaona haya kurudi nyuma. Akaketi. Akakaa na kichwa kile mchana kutwa, nzi wakaja, mafuta ya nyangumi yakapenya katika zulia, wajumbe wa mji jirani wakafika mlangoni wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka.

Siku ya saba, jua lilipopanda, Mwana Jaha akaingia barazani bila kubisha.

"Baba watoto," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha Sultani kuliko makelele, "nimeoga mara nne. Mazulia ya ndani yote yananuka, wajakazi hawathubutu kuyatoa nje wayapige, eti ni marufuku. Niambie, mimi nimekosa nini? Na wewe umekosa nini?"

"Sikukosa!" akalia Sultani. "Sikukosa lolote, mke wangu! Sheria hizi zinaniua bure, mimi mtu nisiye na hatia!"

Hapo Vuai, aliyekuwa amesimama kando ya nguzo, akasonga mbele akainama mpaka chini.

"Maulana, leo ni siku ya saba. Uliniagiza nikuletee mtu aliyeumizwa na sheria hizi bila kosa, ambaye neno lake huwezi kulikataa. Mtu huyo amekwisha kusema."

Sultani akamtazama Vuai, akakitazama kichwa, nacho kikamtazama kwa jicho lake moja lililozama. Mara mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mwana Jaha, ambaye hakuwa na nia ya kucheka, akageukia ukutani asionekane.

"Umenishinda," akasema Sultani alipopata pumzi. "Mtoeni Bi Mize sasa hivi, na wote waliofungwa kwa ajili ya samaki. Na hili dubwana litoke, hata kwa mbao! Vuai, niombe utakacho."

"Nina ombi moja, maulana. Tangu leo, kila sheria mpya ikae kwanza humu ikuluni siku saba, ifuatwe na wewe na watu wa nyumba yako. Siku ya nane ndipo itoke iende mjini."

Sultani akaona ni ombi dogo, akalikubali kwa muhuri.

Akatawala miaka kumi na minane baada ya hapo, na sheria zilizofika mjini zilikuwa mbili.